Isimu katika Chuo Kidogo: Tafakuri kutoka Handeni na Korogwe

1. Utangulizi

Neno chuo lina historia ambayo wengi wetu tunaolitumia kila siku tumeisahau. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani chuo kilikuwa kitabu. Baadaye neno likapanuka likawa mahali pa kukisomea kitabu hicho, yaani pale watoto walipokaa mkekani mbele ya mwalimu wakifundishwa Kurani; na aliyebobea katika elimu hiyo akaitwa mwanachuoni. Hatimaye neno lilitwaliwa na taasisi za elimu za serikali na za misheni, tukapata chuo cha ualimu, chuo cha ufundi na chuo kikuu. Katika maana zake za awali, hata hivyo, chuo kilikuwa kitu kidogo: kitabu kimoja, mwalimu mmoja, na kundi la wanafunzi ambao mwalimu huyo aliwajua kwa majina na kwa majina ya baba zao.

Makala haya yanahusu chuo cha kadiri hiyo. Kwa miaka kumi na sita sasa ninafundisha isimu katika chuo kidogo cha Kikatoliki hapa nchini, na katika muda huo nimekuwa nikiwapeleka wanafunzi wangu, kila likizo ndefu, katika wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga. Handeni ndiko nilikozaliwa, na Korogwe ndiko nilikosomea elimu ya sekondari. Hivi karibuni kamati ya taaluma ya chuo ilijadili iwapo kuna sababu ya kuendelea na masomo ya isimu, kwa kuwa wanafunzi wanaoyachagua ni wachache mno. Sikusudii kukitaja chuo chenyewe, kwani suala hili linavikabili vyuo vingi vya aina yake. Wala sikusudii kutoa ripoti ya utafiti. Ninachotaka ni kueleza tunafundisha nini huko, tunafundishaje, na ni deni gani tunalolibeba tunapoingia katika nyumba za watu na kuchukua maneno yao.

2. Maisha na masomo ya chuo

Siku ya chuo chetu hugawanywa na kengele. Hulia alfajiri kwa ajili ya Misa, hulia tena saa sita mchana kwa sala ya Malaika wa Bwana, na jioni huwaita watu mezani. Wahadhiri na wanafunzi hula katika ukumbi mmoja, wali na maharage siku nyingi, na mjadala ulioanza darasani mara nyingi humalizikia hapo, sahani zikiwa tupu. Si wanafunzi wote walio Wakatoliki. Wamo Walutheri, Waanglikana na Waislamu, na hakuna anayelazimishwa kuingia kanisani. Lakini wote huisikia kengele, na wote hujifunza kuipangia siku kwa kuifuata.

Katika mwaka wa kwanza kila mwanafunzi, hata anayekusudia kuwa mwalimu wa jiografia, husoma falsafa, mantiki, historia na hesabu. Mpango huu una asili ya kale. Vyuo vya Ulaya ya zama za kati vilifundisha fani saba zilizoitwa huru, kwa maana kwamba zilimfaa mtu huru, asiyesomea kazi ya mikono peke yake. Fani tatu za kwanza zilikuwa sarufi, mantiki na balagha. Zikifuatiwa na hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Sarufi ndiyo iliyokuwa mlango. John Henry Newman, katika mihadhara aliyoitoa Dublin mwaka 1852 kuhusu maana ya chuo kikuu, aliitetea elimu ya namna hiyo dhidi ya wale waliotaka kila somo lithibitishe faida yake sokoni. Hoja aliyoipinga yeye ndiyo hiyo hiyo iliyoletwa mbele ya kamati yetu.

Katika Afrika ya Mashariki mapokeo haya yalifika kwanza kwa njia ya seminari na shule za misheni. Mwalimu Julius Nyerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, kuanzia mwaka 1946 hadi 1949, na baada ya kurejea kutoka Edinburgh alifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, hadi mwaka 1955 alipojiuzulu kwa ajili ya siasa. Mtu huyo huyo, akiwa tayari na mzigo wa kuongoza nchi, alipata wasaa wa kuitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, na kuirekebisha ikatoka upya mwaka 1969. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa mtu aliyekataa kuitenga kazi ya lugha na kazi ya taifa. Taasisi za juu zilifuata baadaye. Kituo cha Nyegezi, Mwanza, kilichoanzishwa mwaka 1960 kwa juhudi za Askofu Joseph Blomjous, kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Taasisi ya Kikatoliki ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1984, na Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda kilianza Nkozi mwaka 1993.

Nitoe mfano mmoja wa jinsi mapokeo tofauti yanavyokutana katika darasa dogo. Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi Mwislamu kutoka upande wa Kabuku. Tulipofika katika mada ya mahali pa kutamkia sauti, wenzake walikuwa wakihangaika kutofautisha kaakaa laini na kidakatonge. Yeye alizieleza sauti zote bila kufungua daftari. Alikuwa amejifunza makharija ya herufi akiwa na umri wa miaka tisa, kwa mwalimu wake wa Kurani, pamoja na viboko vichache. Niliwaeleza wanafunzi kwamba Sibawayhi, mwanasarufi wa karne ya 8, alikwisha kuyapanga matamshi ya Kiarabu kwa utaratibu ambao wanaisimu wa leo bado wanauheshimu, na kwamba kazi yake inajulikana kwa jina la Kitabu tu. Kwa Kiswahili cha kale tungesema Chuo. Tangu siku hiyo kijana yule alikuwa msaidizi wangu wa fonetiki, na paroko wa chuo alimwita Shehe wa Koromeo. Katika darasa la watu mia nne nisingelijua kwamba ana elimu hiyo.

3. Handeni na Korogwe kama maktaba

Wilaya hizi mbili zinapakana, lakini kwa mwanaisimu ni mazingira mawili tofauti. Handeni ni nchi ya Wazigua, yenye mvua haba na vijiji vilivyotawanyika. Majina ya mahali peke yake ni somo la mofolojia: Kwamkono, Kwamsisi, na, katika eneo lililomegwa na kuwa wilaya ya Kilindi mwaka 2002, Kwediboma. Korogwe, iliyo kando ya mto Pangani na reli ya Tanga, ni njia panda. Hapo Wazigua, Wasambaa na Wabondei hukutana, na mashamba ya mkonge kama Magunga na Ngombezi yaliwaleta vibarua kutoka pembe nyingi za nchi. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kwa kadiri ulivyopanuka ndivyo Kiswahili kilivyozidi kuwa lugha ya kambi, ya lori na ya mshahara. Mtoto aliyezaliwa kambini angeweza kuwa na baba Mzigua na mama Msambaa na asizungumze lugha ya yeyote kati yao.

Lugha hizi hazikukosa waandishi. Herbert Woodward wa Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA) alitoa kitabu cha Kibondei mwaka 1882, na Walter Kisbey wa misheni hiyo hiyo alitoa kamusi ya Kizigua mwaka 1906. Katika mitambo ya misheni hiyo huko Magila ndiko kilikochapishwa kwa mara ya kwanza kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, Habari za Wakilindi, ambacho kinasimulia jinsi Mbega alivyotoka katika milima ya Nguu akaja kutawala Usambaa. Karibu na wakati wetu, Kishambaa kilichunguzwa na David Odden mwaka 1982, naye akaonyesha jinsi toni mbili za juu zinavyoweza kukaa bega kwa bega, ya pili ikashuka hatua moja. Mwaka 1990 Michael Kenstowicz na Charles Kisseberth walichapisha uchambuzi wa toni za Kizigua ambao tangu hapo umekuwa ukitajwa tena na tena katika vitabu vya fonolojia duniani.

Hapa kuna jambo la kushangaza, na ndilo ninaloanza nalo kila mwaka. Mwanafunzi wa uzamili huko Marekani hukutana na vitenzi vya Kizigua katika wiki za mwanzo za somo la toni. Mwanafunzi wangu kutoka Handeni, ambaye bibi yake hutumia vitenzi hivyo hivyo akiomba chumvi kwa jirani, hafika chuoni akijua kwamba vimewahi kuandikwa.

4. Toni inayohama

Kwa manufaa ya wasomaji wasio wanaisimu nitaueleza mfano huo kwa ufupi. Chukua vitenzi viwili: kudamanya, yaani kufanya, na kulombeza, yaani kuomba. Mzizi wa kitenzi cha kwanza hauna toni ya juu. Ukikinyambua kuwa kudamanyiza na kudamanyizana, sauti hubaki tambarare. Mzizi wa kitenzi cha pili una toni ya juu, lakini toni hiyo haikai kwake. Husikika katika silabi ya pili kutoka mwisho: kulombéza. Ukiongeza kiambishi ili kupata kuombea, toni husogea: kulombezéza. Ukiongeza kingine ili kupata kuombeana, husogea tena: kulombezezána. Mwenye toni ni mzizi. Anayesikika nayo ni kiambishi kilichokuja baadaye. Hata toni ya kiambishi cha nafsi ya tatu hufanya vivyo hivyo, ikaruka silabi kadhaa na kutua mbali na ilikotoka.

Sasa tazama tatizo la mwalimu. Kiswahili huweka mkazo katika silabi hiyo hiyo ya pili kutoka mwisho, na huuweka katika kila neno bila kubagua. Kwa hiyo sikio lililolelewa na Kiswahili pekee husikia kudamanya na kulombeza kuwa sawa kabisa. Lugha tunayojivunia, na ambayo mimi mwenyewe nimekula mkate wake maisha yangu yote, hapo inakuwa pamba ya masikioni.

Katika safari moja niliongozana na binti wa mwaka wa tatu aliyekulia katika kambi ya mkonge Korogwe. Baba yake alikuwa Mzigua, mama yake Msambaa, na yeye alizungumza Kiswahili tu. Tulikaa uani kwa bibi mmoja wa Handeni aliyekuwa akipepeta mahindi. Binti alimwomba atamke kulombeza, akaandika. Akamwomba tena, akafuta. Akamwomba mara ya tatu na ya nne. Bibi akaweka ungo chini.

"Mjukuu wangu," akasema, "tangu asubuhi unaniomba kuomba. Nikupe nini ndipo ushibe?"

Tulicheka sote, na bibi akacheka kuliko sisi. Kisha nikamwomba afumbe mdomo na kulivumisha neno bila kulitamka, njia ambayo watafiti wa toni huitumia ili kuiondoa sauti katika irabu na konsonanti. Bibi aliona ni mchezo wa kitoto, lakini akakubali. Alivumisha kudamanya, kisha kulombeza, kisha kulombezezana. Binti aliinua kichwa. Hakuandika kitu. Alivumisha naye, akakosea, akarekebishwa, akavumisha tena. Ilipofika adhuhuri alikuwa anaweza kutofautisha jozi kumi na mbili za vitenzi, na alikuwa analia. Nilipomwuliza baadaye kilichomliza, alisema kwamba baba yake, aliyefariki akiwa yeye na miaka saba, alikuwa na namna ya kumwita kutoka mbali ambayo alidhani ilikuwa mtindo wake mwenyewe tu.

Nimeusimulia mfano huu kwa sababu ya swali alilouliza bibi wakati tukifunga vyombo vyetu. Alikitazama kinasasauti akauliza: "Na hii sauti yangu, mtaiweka wapi?" Nilimjibu kwamba tutaiweka chuoni, katika kabati la idara, na kwamba itakuwa salama. Alitaka kujua kabati hilo lina mlinzi gani. Hilo ndilo swali ambalo kamati ya taaluma, bila kujua, ilikuwa inalijadili.

5. Hoja ya hesabu

Haitakuwa haki kuwachora wenzangu wa kamati kama maadui wa elimu. Mtunza hazina wa chuo, sista ambaye ninamheshimu sana, aliieleza hoja yake kwa utulivu. "Mwalimu," alisema, "wanafunzi kumi na mmoja hawawezi kulipa mishahara ya wahadhiri watatu. Pengo hilo hujazwa na ada ya mtoto wa mkulima anayesomea ualimu. Nikuulize wewe: mtoto huyo ananufaikaje na toni zako?"

Ziko njia nyepesi za kulijibu swali hilo. Ningeweza kusema kwamba wanaisimu huajiriwa na wachapishaji, na vyombo vya habari, na kampuni zinazotengeneza programu za simu. Ni kweli, lakini si sababu iliyonifanya nifundishe isimu, na kujitetea kwa sababu usiyoiamini ni kushindwa kabla ya kuanza. Ningeweza pia kusema, kama Newman, kwamba maarifa yana thamani yake yenyewe. Ninaamini hivyo, lakini ni imani ambayo hutamkwa kwa urahisi na yule ambaye ada hailipwi na mbuzi wake.

Nilimjibu kwa kurudi Handeni. Mtoto wa mkulima anayesomea ualimu atapangiwa shule. Huenda ikawa shule ya kijiji ambako watoto wa darasa la kwanza huja na Kizigua cha nyumbani na kukutana na Kiswahili ubaoni. Mwalimu asiyejua kwamba lugha ya mtoto ina sarufi atayaita makosa yale ambayo ni kanuni. Mtoto akiandika kwa kufuata sikio lake, ataambiwa hana akili. Mwalimu aliyefundishwa muhula mmoja tu kuhusu jinsi lugha mbili zinavyogusana atajua kosa limetoka wapi na atajua kulinyoosha bila kumvunja mtoto moyo. Kwa hiyo hesabu ya sista ilikuwa sahihi katika tarakimu na pungufu katika orodha: wanufaika wa isimu si wale kumi na mmoja waliojiandikisha, bali ni walimu wote tunaowaruhusu waondoke bila kuisoma.

Niliongeza jambo la pili. Katika wilaya ya Handeni, kwenye makazi ya Chogo, wapo watu waliokimbia vita vya Somalia baada ya mwaka 1991. Mababu zao walichukuliwa kutoka Uzigua katika karne ya 19, wengi wakiwa wamekimbia njaa, wakauzwa utumwani kaskazini, kisha wakatoroka na kuishi kando ya mto Juba. Waliporudi, vizazi kadhaa baadaye, bado walikuwa na Kizigua, na wengi wao wamepewa uraia wa Tanzania. Wengine maelfu walihamishiwa Marekani, ambako wanaisimu wanaendelea kuichunguza lugha yao. Hawakuwa na chuo, kamusi wala kamati. Lugha hiyo ilitunzwa na watu wasio na hazina yoyote, na ingekuwa ajabu kama sisi tulio na hazina ndogo tungesema hatuwezi.

Kamati ilifikia uamuzi wa kati. Somo la utangulizi wa isimu litakuwa la lazima kwa walimu wote wanafunzi, chini ya jina la zamani la Sarufi. Wanafunzi wapya wa isimu kama fani kamili hawatapokewa kwa miaka miwili, ndipo suala litazamwe upya. Safari ya uwandani itabaki, lakini kwa siku saba badala ya kumi na nne. Mhadhiri mmoja kati yetu watatu amekwisha kupata nafasi kwingine. Sista aliniambia tukitoka kwamba nimeshinda nusu. Sina hakika ni nusu ipi.

6. Hitimisho

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa, na ikahimiza ziandikiwe kamusi na sarufi. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, ulifanya kazi kubwa katika njia hiyo, na Atlasi yake ya mwaka 2009 ni kitendea kazi ambacho hatuwezi kukikosa. Lakini mradi mkubwa huwa na mwanzo na mwisho, na uandikaji wa lugha hauna. Unahitaji mtu anayerudi kila mwaka katika ua ule ule, anayejulikana kwa jina, na ambaye anaweza kuulizwa ile sauti ya mwaka juzi iko wapi. Kwa kazi ya namna hiyo chuo kidogo kina nafasi yake, mradi kisijidai kuwa kikubwa.

Ninapendekeza mambo matatu kwa wasomaji wa jarida hili. Kwanza, idara kubwa zipokee nakala za rekodi za vyuo vidogo na kuzihifadhi, ili uhai wa sauti usitegemee uhai wa programu moja. Pili, nakala nyingine ibaki kwa wenye lugha, katika shule ya kata au kwa familia yenyewe. Tatu, mitaala ya ualimu ipewe walau muhula mmoja wa isimu unaozungumzia lugha za wanafunzi watakaofundishwa.

Kwa upande wetu tumeanza na la pili. Rekodi za miaka kumi na sita zimenakiliwa, na safari ijayo zitarudishwa vijijini, kila familia na zake. Yule binti wa Korogwe, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari, ameomba likizo ili aje kuzigawa. Kwa bibi wa Handeni, ambaye hana simu, tumepanga kumkabidhi mjukuu wake kadi ya kumbukumbu yenye sauti zote za asubuhi ile, pamoja na orodha ya vitenzi iliyoandikwa kwa mkono, toni zikiwa zimewekwa mahali zinaposikika.